Sukari Nyumbani: Siku ya Mgonjwa, Kuanzia Alfajiri Hadi Isha



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo twapenda kuzungumza na jamaa zetu, na hasa akina mama, juu ya maradhi ambayo yamebisha hodi katika nyumba nyingi za Waislamu, bara na pwani, nayo ni kisukari. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani anayetoa nasaha yampasa ajinasihi nafsi yake kwanza.

Miaka michache iliyopita, wiki moja kabla ya Ramadhani, tulikuwa tumeketi baada ya sala ya Alasiri katika msikiti mdogo huko Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Alitujia mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa pwani aliyehamia huko kwa ndoa. Akatoa salamu, kisha akasema: "Sheikh, nina suala. Mimi nina sukari, na hudungwa sindano asubuhi na jioni. Je, nifunge?"

Tukamjibu papo hapo: "Mama, asili ya kila jambo ni nia. Funga, na Mwenyezi Mungu atakutilia nguvu." Akashukuru, akajitanda mtandio wake vizuri, akaenda zake.

Siku ya tisa ya mwezi huo, karibu na Magharibi, mama yule alianguka jikoni kwake huku mikono yake imejaa unga wa kaimati. Jirani alimkuta ametota jasho, ulimi mzito, hamtambui mtu. Alipofikishwa hospitali ilibainika kuwa sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno, kwa kuwa alidungwa sindano yake ya alfajiri kwa kipimo kile kile cha siku zote, kisha akashinda na njaa. Alhamdulillah, alipona. Lakini daktari aliiambia jamaa yake kwamba lau wangechelewa kidogo, wangekuwa wanashona sanda.

Tulipokwenda kumjulia hali tulikuwa tumejiandaa kulaumiwa. Yeye akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, usijilaumu. Daktari alikuwa ameshanikataza kabla sijaja kwako. Nilikuja kwako kwa sababu nilijua utaniambia nifunge."

Maneno hayo hayajatutoka moyoni hata leo. Tuliona humo makosa mawili. La kwanza ni letu, kwa kuutolea hukumu mwili tusioujua wala kuuliza habari zake. La pili ni la jamii nzima, ambayo imemfanya mwanamke mgonjwa aone aibu ya kula mchana wa Ramadhani kuwa nzito kuliko mauti. Tangu siku hiyo, aulizapo mgonjwa juu ya saumu, sisi humuuliza kwanza: "Daktari wako amesemaje?" Na tangu siku hiyo tumekuwa tukijifunza, kwa waganga wa hospitali na kwa wagonjwa wenyewe, namna maradhi haya yanavyoishi na mtu kutwa kucha. Hayo ndiyo tunayoyaleta mbele yenu.

Maradhi haya ni nini?

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini, ambayo ni mfano wa ufunguo unaoufungulia mwili mlango ili sukari iliyomo damuni iingie na kuwa nguvu. Ufunguo ukikosekana, au ukiwapo lakini kufuli zikawa ngumu, sukari hubaki damuni, ikaharibu mishipa, macho, figo na neva za miguu kidogo kidogo bila ya kelele.

Kuna aina ya kwanza, ambayo aghalabu huwapata watoto na vijana, na hapo mwili hautoi insulini kabisa au hutoa chembe tu. Hawa hawaishi bila ya sindano. Kuna aina ya pili, iliyo nyingi zaidi, huwapata sana watu wazima, na unene, kukaa kitako na urithi wa ukoo huichochea. Na kuna kisukari cha mimba, ambacho humpata mama mjamzito. Mama hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na hata kikiondoka baada ya kujifungua, humwachia hatari kubwa zaidi ya kupata aina ya pili baadaye. Kwa hiyo asiache kupimwa akidhani yamekwisha.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara hasa usiku, kukonda bila ya sababu, uchovu, macho kuona ukungu, vidonda visivyopona, na kwa akina mama, muwasho wa sehemu za siri unaorudi kila ukitibiwa. Mtoto aliyekuwa amekwisha acha kukojoa kitandani naye akaanza tena, huku anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wapo waliopoteza watoto kwa kuwapunga majini, ilhali tone moja la damu lingeonyesha ukweli.

Na tusisahau neema tuliyo nayo. Kabla ya karne iliyopita mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa akifa baada ya muda mfupi. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Canada, Frederick Banting na wenzake waligundua insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ndiyo siku ya kisukari duniani. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu na kutufahamisha kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Basi sindano ile pia ni katika rehema za Mola, na mwenye kuitumia hajapungukiwa na tawakali.

Alfajiri: udhu na miguu

Siku ya Mwislamu huanza na maji. Kwa mgonjwa wa sukari, udhu ni ibada na pia ni ukaguzi. Neva za miguu zikiharibika, mtu huweza kukanyaga msumari asihisi. Kwa hiyo anapoosha miguu na autazame unyayo, apitishe vidole vya mkono baina ya vidole vya mguu kama ilivyo sunna, atafute mkwaruzo, lengelenge au wekundu. Asiyeweza kuinama atumie kioo kidogo, au amwite mwanawe amtazamie. Kisha afute maji baina ya vidole, maana unyevu huzaa fangasi, na fangasi hufungua mlango wa kidonda.

Nairobi si Mombasa. Mwezi wa Julai baridi hutafuna mifupa, na watu huchemsha maji ya udhu. Hapa twawaonya jamaa zetu: mgonjwa mwenye ganzi asiyapime maji kwa mguu. Ayapime kwa kiwiko cha mkono, au ampe mtu mwingine ampimie. Na asiote miguu kwenye jiko la makaa, kwani anaweza kuungua asijue mpaka aone ngozi imevuka. Msikitini nako, njia baina ya mahali pa viatu na mahali pa udhu asiipite pekupeku. Ndara za mpira ni bora kuliko kidonda cha miezi sita.

Kipimo, sindano na mtungi

Asubuhi kabla ya kula ndiyo saa ya kupima. Vipimo vyetu vya Kenya aghalabu husoma kwa milimoli. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, basi huo ni kisukari. Kwa aliyekwisha kuanza matibabu, wagonjwa wengi huwekewa lengo la baina ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya chakula, lakini daktari huweza kumpangia kila mtu lengo lake, hasa wazee. Pia kuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Hicho hakidanganywi na mtu aliyejinyima kula siku mbili kabla ya kwenda kliniki.

Mama yule wa Kawangware sasa ana daftari la shule la kurasa 48. Huandika tarehe, kipimo, alichokula na dawa aliyotumia. Alituambia kuwa daftari hilo limemfundisha zaidi kuliko mawaidha, kwa sababu limemwonyesha kwa namba kuwa mahamri mawili na chai ya sukari humfanyia vingine kuliko kipande cha muhogo na mbaazi.

Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa penye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, wala isigande, kwani ikiganda imeharibika. Iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hukaa takriban wiki nne nje ya friji, mbali na jua na jiko. Na asiye na friji asikate tamaa. Mtungi wa udongo, wenye maji kwa chini au uliozungushiwa kitambaa chenye maji, ukiwekwa kivulini penye upepo hupunguza joto vizuri. Dawa itiwe ndani ya chombo kisichoingia maji. Bibi zetu walijua siku nyingi kuwa maji ya mtungi ni baridi, na elimu hiyo leo inahifadhi dawa.

Adhuhuri: chakula cha mjini

Mchana wa Ijumaa, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia katikati ya jiji, watu humiminika katika hoteli za jirani, na harufu ya biriani na pilau hujaa njia. Hatusemi kwamba mgonjwa ameharamishiwa. Twasema kwamba sahani ina hesabu. Nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari, robo iwe wali au chapati au ugali, na robo iliyobaki iwe samaki, kuku, nyama, ndengu au maharagwe. Soda asiiguse ila sukari ikiwa imeshuka, na juisi ya matunda pia ni sukari hata isipoongezwa kitu, basi na ale tunda zima badala yake. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Anayelitekeleza fundisho hilo ataona kwamba ushauri wa kliniki si mgeni kwetu.

Huko Kawangware na Kangemi, mama mboga huuza sukuma wiki, mchicha, kunde na managu kwa bei ya maskini. Hivyo ndivyo vyakula vya mgonjwa, navyo havihitaji duka la wakubwa. Chakula kipikwe kwa nazi nyepesi na mafuta kidogo.

Na hapa tunasema na wake na wakwe: msimpikie mgonjwa sufuria yake peke yake kama aliyetengwa. Chakula kilicho chema kwake ni chema kwa watoto pia. Nyumba nzima ikipunguza sukari katika chai, mgonjwa hatajiona anaadhibiwa, na huenda mkawaokoa wale ambao damu yao imerithi maradhi hayo. Vilevile tuache desturi ya kumlazimisha mgeni. Mtu akikataa halua harusini au visheti vya maulidi, si kiburi. Tusimwambie, "Kidogo tu, haitakudhuru," kwani atakayelala na kiu usiku ni yeye.

Alasiri: mwendo, na hatari ya kushuka

Dawa nyingine isiyouzwa ni kutembea. Wataalamu wanasema dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenye kurudi nyumbani kwa matatu na ashuke kituo kimoja au viwili kabla ya chake, amalizie kwa miguu. Akina mama wanaoona haya kutembea peke yao na watoke wawili watatu baada ya Alasiri, kwa mavazi yao ya heshima na viatu vilivyofunika vidole.

Lakini kila mwanafamilia na ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, maneno kuchanganyika. Kipimo kikiwa chini ya 4, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado, arudiwe. Akipata nafuu ale chakula. Akizimia, asitiwe kitu chochote kinywani, maana atapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Mwenye kudungwa insulini asitoke nyumbani bila ya sukari kidogo mfukoni au mkobani, kwani foleni ya magari ya jioni haijui kwamba wewe ni mgonjwa.

Habba soda, shubiri na muarobaini

Tunaulizwa sana juu ya dawa za miti. Habba soda tunaitukuza kwa yale yaliyopokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Lakini hatukupata kwa wanachuoni wetu kwamba mtu aache insulini kwa ajili yake. Mwenye kutumia dawa ya miti amwambie daktari, kwa sababu baadhi ya miti hushusha sukari, na ikikutana na vidonge huweza kuishusha kupita kiasi. Na mwenye kukuuzia chupa akakuamrisha utupe sindano, huyo ni mchuuzi wa roho yako, hata akiwa na kanzu na kilemba kama chetu.

Ramadhani

Sasa turudi kwenye suala la mama yule. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na akabainisha kuwa anawatakia waja wake wepesi. Ruhusa hiyo ni zawadi, na zawadi ya Mola haikataliwi.

Mgonjwa na aende kliniki mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya Ramadhani. Wapo ambao daktari atawaambia wafunge, tena akawabadilishia kipimo na saa za dawa. Wapo ambao hatari yao ni kubwa: wenye aina ya kwanza isiyotulia, waliopata kuzimia karibuni kwa sukari kushuka, wenye figo zilizoharibika, na wajawazito wanaotumia insulini. Hapa Nairobi, karibu na Ikweta, saumu ni kati ya saa 13 na 14 katika misimu yote, basi mtu asitaraji kwamba mwaka mwingine siku itakuwa fupi.

Anayefunga aendelee kujipima. Kudunga kidole hakufunguzi. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano ya ngozi au ya msuli isiyokuwa ya lishe haibatilishi saumu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au kikapanda juu ya 16.6, au akajihisi vibaya, na afungue papo hapo, hata zikiwa zimesalia dakika kumi Magharibi iadhiniwe. Daku aicheleweshe wala asiiache. Futari aanze kwa tende moja na maji, asizifanye kaimati na tambi kuwa futari.

Aliyekula kwa maradhi yanayotarajiwa kupoa atalipa siku zake. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, naye saumu inamdhuru, atatoa fidia, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kibaba cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini.

Isha: gharama na subira

Hatutaki kudanganya kwamba haya ni mepesi. Vibanzi vya kupimia vina bei, na nauli ya kliniki ina bei. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kila nyumba na ijisajili na iulize katika kituo cha afya kilicho karibu ni huduma gani inazozipata. Na wenye uwezo wanapotoa zaka na sadaka, wamkumbuke mgonjwa maskini ambaye paketi moja ya vibanzi kwake ni chakula cha siku kadhaa. Mara moja kwa mwaka macho, figo na miguu vikaguliwe hospitali, hata kama mtu hahisi kitu.

Ramadhani iliyofuata, mama yule hakufunga. Alitoa fidia yake, akawa anapika futari ya wenzake, na mchana alikula chakula chake mlango ukiwa wazi. Jirani mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Mbona hufungi?" Akamjibu, "Nina ruhusa ya Mola na ya daktari. Ya kwako sikuihitaji." Tulipoambiwa tulicheka, kisha tukanyamaza, kwani mwaka uliotangulia jibu hilo lingetakiwa litoke kwetu sisi.

Basi enyi jamaa zetu, mwenye dalili na akapimwe wiki hii, na mwenye maradhi asiyafiche kwa mumewe wala wanawe. Na sisi tunaovaa vilemba, tukiulizwa juu ya mwili wa mtu, tusione haya kusema, "Kamuulize daktari, kisha urudi tuzungumze." Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.